Mwenyeji na Mhamiaji Wacheze Uwanja Mmoja

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya viongozi wa vijiji, walimu na vijana wa michezo)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya mazoezi ya mwili katika vijiji vyetu vidogo, hasa vile ambamo wenyeji wanakaa pamoja na watu waliohamia kutoka nchi nyingine au mikoa mingine. Twajua wapo watakaocheka wakisikia habari hii. Watasema: mkulima anaamka alfajiri, anashika jembe mpaka jua la utosi, akirudi ana mzigo wa kuni, huyo mwataka kumfundisha mazoezi gani? Wengine watasema: mambo ya maji, barabara na zahanati hayajakwisha, nanyi mwatuletea habari za mipira. Maneno hayo si ya kupuuzwa. Tutayajibu moja moja, maana hotuba isiyojibu hoja za watu ni kelele tu.

Neno letu kubwa la leo ni hili. Katika kijiji chenye watu wa asili mbalimbali, mazoezi hayaletwi kwa mahubiri, wala hayaletwi kwa vifaa vya fedha nyingi. Huletwa na uwanja mmoja ulio mali ya wote, na timu ambazo hazikugawanywa kwa asili za watu. Kijiji kikipata mambo hayo mawili, afya itakuja na udugu utakuja. Kikikosa moja katika hayo, huo mpira wenyewe waweza kuwa chanzo cha ugomvi.

VIJIJI TUNAVYOVISEMA

Tusiseme mambo ya hewani. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa katika nchi ya Burundi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia kwetu. Serikali iliwapa mahali pa kukaa Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, na baadaye Katumba na Mishamo katika sehemu ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Walikuta pori la miombo. Walifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na baada ya miaka michache wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada kwa majirani. Lakini kwa miaka mingi mkazi wa makazi yale alihitaji kibali ili atoke kwenda kwingine. Mguu wake haukuwa huru.

Mwaka 2014 jambo kubwa lilitendeka. Watu zaidi ya 160,000 wa jamaa hao walikamilishiwa uraia wa Tanzania na kuanza kupewa vyeti vyao. Nchi chache duniani zimewahi kufanya tendo kama hilo kwa mara moja, nasi twapaswa kujivunia.

Tena wapo ndugu zetu wa Chogo, katika Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga. Hawa ni Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, wakapelekwa mpaka bonde la mto Juba katika nchi ya Somalia. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wajukuu wao walipanda vyombo wakarudi kusini, na lugha ya Kizigua wangali nayo mdomoni. Chogo si mji. Ni makazi madogo ya wakulima, na wengi wao nao wamepewa uraia.

Wala tusidhani kwamba mhamiaji ni yule tu aliyevuka mpaka wa nchi. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia Katavi na Rukwa pamoja na ng'ombe wao, na huko nako huitwa wageni. Basi kijiji kimoja chaweza kuwa na Mbende, Mfipa, Msukuma na mtu ambaye baba yake alizaliwa Burundi, wote wakiteka maji katika kisima kimoja.

Sasa tuulize: mtoto aliyezaliwa Katumba, ambaye mama yake naye amezaliwa Katumba, ambaye hajapata kuiona Burundi hata siku moja, kwa nini aitwe mkimbizi? Cheti cha uraia amepewa na Serikali. Lakini Serikali haiwezi kumpa jirani wa kucheza naye. Hicho ni kitu ambacho kijiji pekee chaweza kumpa, na hapo ndipo habari ya mazoezi inapokuwa habari kubwa kuliko mpira.

JE, MKULIMA ANAHITAJI MAZOEZI?

Tujibu hoja ya kwanza. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo mapya juu ya mazoezi. Lilisema mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 mpaka 300 kila juma kwa mwendo wa wastani, yaani anahema kidogo lakini aweza kuzungumza. Au dakika 75 mpaka 150 kwa nguvu zaidi, yaani anahema hata kusema ni taabu. Mtoto na kijana wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Mzee aliyefika miaka 65 aongeze mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu za viungo, siku tatu au zaidi katika juma, ili asianguke.

Lakini sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Shirika hilohilo lilisema kila namna ya kuushughulisha mwili yahesabiwa: kulima, kutembea, kupanda baiskeli, kutwanga, kubeba maji, kucheza ngoma. Basi mama anayelima nusu siku na kurudi na ndoo ya lita 20 kichwani, ambayo uzito wake ni kilo 20, amekwisha timiza hesabu yake na kuipita. Mtu akienda kumhubiria mama huyo kwamba hatembei vya kutosha, atakuwa anamtukana. Huyo hahitaji mazoezi zaidi. Anahitaji kupumzika, na kucheza kwa furaha pamoja na wenziwe.

Nani basi anayehitaji? Tutazame kijiji chetu kwa macho mawili. Yupo mwenye duka, akaaye kitini tangu asubuhi mpaka taa zizimwe. Yupo karani na yupo mwalimu. Yupo fundi cherehani. Yupo kijana wa bodaboda: kaka yake aliendesha baiskeli kutwa kwa miguu yake mwenyewe, lakini yeye injini yamfanyia kazi yote, naye amekaa. Yupo abiria wake, ambaye zamani angetembea maili tatu kwenda mnadani. Wapo wazee walioacha jembe. Wapo watoto ambao jioni huketi katika kibanda cha kuonyesha mpira, wakiwatazama watu wa Ulaya wakicheza, nao wenyewe hawachezi.

Tena kuna majira. Katika Tabora na Katavi mvua ni moja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Miezi hiyo mkulima hufanya kazi kama mchwa. Lakini mavuno yakiisha, miezi ya kiangazi ni mirefu, na wanaume wengi huketi vijiweni na vilabuni tangu asubuhi. Mwili uliofanya kazi ya punda kwa miezi sita, halafu ukawekwa kama gunia kwa miezi sita, hautunzwi vema.

Na adui ni wa kweli. Zamani tulizoea kusema kwamba shinikizo la damu, kisukari na kiharusi ni maradhi ya matajiri wa mjini. Leo sivyo, yamefika mpaka vijijini, mahali ambapo mtu hupimwa kwa shida na dawa huipata kwa safari. Shirika la Afya Duniani lasema mtu asiyeushughulisha mwili inavyopasa ana hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 20 mpaka 30 kuliko yule anayeushughulisha. Mwaka 2022, katika kila watu wazima 100 duniani, 31 hivi walikuwa hawatimizi kiasi kilichotajwa. Idadi hiyo ni karibu watu bilioni 1.8. Na kwa vijana wa shule wa miaka 11 mpaka 17 ni vibaya zaidi: zaidi ya 80 katika kila 100 hawatimizi.

Ndiyo sababu twasema kwa wale wa hoja ya pili: zahanati ni lazima, nasi hatutaacha kuidai. Lakini uwanja wa michezo ni zahanati ambayo haihitaji dawa kutoka Dar es Salaam. Kijiji chaweza kuufungua kwa mapanga na majembe yake katika juma moja.

TIMU ZIGAWANYWE VIPI?

Sasa tumefika penye mfupa. Katika vijiji vya mchanganyiko, timu hujizalia zenyewe kwa asili. Vijana wa upande huu wa mto wanacheza wao kwa wao. Vijana wa makazi wanacheza wao kwa wao. Siku ya kukutana, mechi si mchezo tena bali vita vya jembe na ardhi vilivyovaa jezi. Goli likikataliwa, watu hawasemi "refa amekosea." Wanasema "wale wametuonea." Mchezo wa dakika 90 waweza kuamsha maneno ya miaka 40.

Dawa ya jambo hili hatuna haja ya kuiagiza ng'ambo. Tuwatazame Wasukuma. Kwao, tangu zamani, wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili kubwa, Wagika na Wagalu. Mavuno yakiisha, mwezi wa Juni na Julai, pande hizo hushindana kwa nguvu zote, kila upande ukitumia ufundi na dawa za kuvuta watazamaji. Ushindani wao ni mkali kweli kweli. Lakini Mgika na Mgalu ni watu wa kabila moja, ni majirani, hata wakwe. Ngoma ikiisha hurudi nyumbani kwa njia moja. Kwa hiyo watu hawa walijua siri kubwa: ushindani ni mtamu na ni wa lazima, lakini mstari wa kuwagawa washindani uchorwe mahali ambapo hakuna kidonda.

Basi nasi tufanye hivyo. Kijiji kigawe timu zake kwa kura. Majina yote yatiwe katika kofia, mtoto mdogo atoe moja moja mbele ya watu: huyu Kiangazi, huyu Masika, huyu Mwembe, huyu Mkuyu. Au wagawanywe kwa umri, au kwa waliooa na wasiooa, mchezo ambao watazamaji huupenda sana kwa vichekesho vyake. Timu isipewe jina la kabila, wala la nchi, wala la makazi ya zamani. Na kura ipigwe upya kila mwaka, ili aliyekuwa mpinzani wako mwaka jana mwaka huu akupasie mpira.

Hivyo kijiji kitakapokwenda kucheza na kijiji kingine, kitakwenda na timu moja, na katika timu hiyo watu wote wamo. Jirani atakayewashangilia hataweza kushangilia nusu yao.

TUSITAFUTE MABINGWA PEKEE

Lipo kosa jingine ambalo viongozi wa michezo hulitenda. Wakifika kijijini, macho yao hutafuta kijana mmoja mwenye mbio, wamchukue, na wengine wote wabaki kupiga makofi.

Twakumbuka habari za Rio de Janeiro mwaka 2016. Kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki kulikuwa na timu ya wakimbizi, watu kumi. Watano kati yao walikuwa wanariadha wa asili ya Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, kule Turkana nchini Kenya. Walifundishwa na Tegla Loroupe, yule mama aliyekuwa bingwa wa mbio ndefu. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, mkimbiaji wa mita 800, ndiye aliyebeba bendera ya timu siku ya ufunguzi. Habari hiyo iliwatia moyo watu wengi, na ilistahili.

Lakini tufanye hesabu. Kambini walikuwapo watu zaidi ya laki moja, nao waliokwenda Rio ni watano. Medali si kipimo cha kijiji. Kipimo cha kijiji ni hiki: jioni ya siku ya kawaida, ni watu wangapi wametoka jasho kwa furaha? Je, yumo bibi? Yumo mlemavu? Yumo msichana? Yumo yule aliyehamia mwezi uliopita na hajui jina la mtu? Kijiji chenye bingwa mmoja na watazamaji mia tano hakina michezo, kina sinema.

NGOMA NAYO NI MAZOEZI

Watu wengi wakisikia neno mazoezi wanafikiri lazima kuwe na filimbi, kaptula na mpira wa dukani. Fikira hiyo ni ya kukopa. Babu zetu walijua kuushughulisha mwili kabla filimbi haijaja.

Mtu aliyepata kuwaona Warundi wakipiga zile ngoma zao kubwa zilizochongwa katika magogo hawezi kusahau. Ngoma hupangwa nusu duara, nayo moja ya katikati huongoza. Wapigaji huruka juu, hujipinda, hupokezana bila kupumzika. Mwaka 2014, mwaka uleule wa vyeti vya uraia, Shirika la UNESCO liliiandika ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kijana apigaye ngoma hiyo kwa nusu saa hahitaji kuulizwa kama amefanya mazoezi. Mtazame kifua chake.

Wasukuma nao wana bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotokana na kulima kwa pamoja huku ngoma ikipigwa. Wachezaji huyarusha majembe na kuyadaka, mgongo ukiinama na kuinuka pamoja na mdundo. Kazi ya pamoja yenyewe wote wanaijua, ila kila mmoja ana jina lake. Watu wa Tanga husema msaragambo. Warundi husema ikibiri. Basi wakilima shamba la shule pamoja, asubuhi ile wamefanya maendeleo na mazoezi kwa jasho moja.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Ngoma ya mhamiaji isiwe kitu cha kuwekwa mbele ya wageni wa heshima siku ya sherehe, kisha ifungiwe stoo. Kijana wa kienyeji na ajifunze kuipiga; mtoto wa mhamiaji na ajifunze bugobogobo. Anayekutazama ukicheza ni mtazamaji wako tu, bali aliyejifunza mdundo wako amekwisha kuwa mwenzio.

AKINA MAMA WASIWE WATAZAMAJI

Tumesema mama amekwisha fanya kazi nyingi. Wapo wanaume watakaolichukua neno hilo na kusema: basi mama abaki nyumbani, uwanja ni wetu. La hasha! Hatukusema hivyo.

Mama anakosa saa ya kutoka. Saa kumi na moja ya jioni, wakati mpira unapopigwa, yeye yuko kisimani, au anapepea moto, au ana mtoto mgongoni. Mhamiaji mwanamke ana taabu zaidi: pengine mama yake na dada zake wako mbali, na hana wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo tukitaka akina mama wacheze, mahali pa kuanzia si uwanjani bali ni jikoni na kisimani. Siku mbili katika juma, baba na vijana wa kiume wateke maji. Bibi wa jirani, awe wa kienyeji au aliyehamia, aangalie watoto wa nyumba tatu. Hapo mama atapata saa moja iliyo yake.

Na uwanja wao uwepo. Uwanja wa netiboli ni mita 30 na nusu kwa mita 15 na robo tu, na pete mbili za chuma fundi wa kijiji aweza kuzikunja. Rede na kuvuta kamba havihitaji hata hayo. Mavazi yasiwe sababu ya kumzuia mtu. Wapo akina mama wa Kiislamu, kama wengi wa Chogo, na wapo walokole ambao makanisa yao yana desturi za mavazi. Na wavae kwa heshima yao, kitambaa kichwani, sketi ndefu, wacheze. Hata sheria za mpira wa miguu za dunia tangu mwaka 2014 zimeruhusu mchezaji kufunika kichwa. Ikiwa dunia imeruhusu, kijiji kitazuia kwa nini?

UWANJA UANDIKWE

Sasa neno zito kwa viongozi wa vijiji. Katika vijiji vingi uwanja upo kwa mazoea tu. Watu wameucheza tangu utoto, kumbe hakuna karatasi. Siku moja anatokea mtu na vigingi, anapima, anasema amepewa. Katika kijiji cha mchanganyiko, ambamo ardhi ndiyo moto wenyewe, jambo hilo huzaa uhasama wa vizazi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja ya wanakijiji. Basi Halmashauri ya Kijiji ilete pendekezo, Mkutano Mkuu wa Kijiji ulipitishe, uwanja utajwe katika mpango wa matumizi ya ardhi kwa mipaka yake, na miti ipandwe pembeni iwe kivuli na alama. Mahali pawe kati, asiwepo atakayesema ni mlangoni kwa watu fulani. Eneo la mita 100 kwa 60 latosha mpira wa miguu wa kijiji, na pembeni ibaki nafasi ya netiboli na ngoma. Na mikono ya kufyeka iwe ya wote siku moja, maana mtu haharibu kwa urahisi kitu alichokitolea jasho.

Uwanja huo usiwe wa chama, wala wa dini, wala wa ukoo. Twasema hivi katika gazeti la chama, na twasema bila kigugumizi. Mkutano wa siasa una mahali pake. Mtu asiyekubaliana nasi ana miguu kama sisi, na moyo wake waweza kuugua kama wetu.

MAMBO YA KUTENDA

Tukirudi vijijini tuanze na haya.

Kwanza, ichaguliwe kamati ndogo ya michezo, nusu wenyeji nusu waliohamia, na akina mama wasipungue nusu. Kila mchezo uwe na waongozaji wawili, mmoja wa kila upande, wafanye kazi pamoja. Lugha ya uwanjani iwe Kiswahili, ili asiwepo atakayedhani anasengenywa.

Pili, kalenda ifuate mvua na mavuno ya mahali. Mwezi Desemba 2016 ilianzishwa kampeni ya taifa ya mazoezi, ikatajwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Ni jambo jema. Lakini kijiji kitazame: Jumamosi ni siku ya ibada kwa Wasabato, na pengine ni siku ya mnada. Kichague siku isiyomfungia mtu mlango. Katavi mashindano yawe kati ya Juni na Oktoba. Handeni, ambako kuna masika na vuli, wapange kwa namna yao.

Tatu, watoto. Mwalimu asiinyang'anye saa ya michezo akaifanya saa ya hesabu. Na mzazi mwenye mtoto mwenye afya na njia iliyo salama amwache atembee kwenda shule pamoja na wenzake, asimpandishe pikipiki kwa fahari tu. Katika njia ya shule ndipo urafiki unapoanza.

Nne, wazee. Asubuhi kukiwa na ubaridi, watembee pamoja kutoka nyumba mpaka nyumba, wasimame kwa mguu mmoja huku wameshika mti, wainuke kitini mara kumi bila kushika. Huo ndio mchezo wao, na katika mwendo huo watakumbushana habari za zamani, na mwenyeji atajua mwenzake aliacha nini alikotoka.

Tano, fedha. Tusingoje mfadhili. Milingoti ya goli iko porini, kamba ya katani ipo, mpira wa matambara uliwakuza wachezaji wengi wakubwa, na chandimu haijapata kuomba ruhusa ya mtu. Mpira wa dukani na pampu vinunuliwe kwa mchango mdogo wa wote, na hesabu isomwe hadharani.

Sita, ugomvi. Marefa wawe wa pande zote. Pombe na kamari zikae mbali na uwanja. Mchezaji atakayemtukana mwenzake kwa asili yake atolewe hata kama ndiye mfungaji bora, na timu yake imalize ikiwa pungufu. Tukimvumilia mmoja kwa sababu ya mabao yake, tumewafundisha watoto wote kwamba tusi lina bei.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu zetu wa Ulyankulu, Katumba, Mishamo na Chogo jembe walilishika zamani. Miti waliyokata na mashamba waliyolima ni ushahidi. Hakuna awezaye kusema hawakufanya kazi.

Lakini tuliwapa jembe, wengi wetu tukaishia hapo. Tulifanya kazi ubavu kwa ubavu na jioni kila mtu akaenda kucheza kwao. Mtu hajawa mwenyeji mpaka awe na mahali pa kucheka pamoja nawe baada ya kazi. Wale waliohitaji kibali ili watoke nje ya makazi yao, leo miguu yao iko huru kwa sheria. Kazi iliyobaki ni yetu sisi wa vijijini: miguu hiyo iwe na mahali pa kukimbia, na wa kukimbia nao.

Wahenga hao hao walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu mwenye duka ambaye damu yake imepanda, kijana aliyezoea kijiwe, bibi ambaye magoti yamekaza, wote hawa ni wenyeji wanaongoja kupona. Jirani aliyehamia akiwaita uwanjani na waende. Nao wakiwa na mpira, wamwite yeye kwanza.

Tuondoke, tukafyeke uwanja.